Utumishi si Adhabu

Habari za Bwana aliyejifunga kitambaa kiunoni akawaosha wanafunzi wake miguu twazipenda sana, na kila Alhamisi Kuu twaenda kuzisikiliza. Mbona basi tukimwona mtu mwenye cheo amebeba ndoo ya maji twamwonea haya? Petro naye aliona haya, akakataa kuoshwa. Na Bwana hakumsifu kwa heshima ile.

Lawama hii twaianza nyumbani kwetu, yaani shuleni. Mtoto akichelewa, sisi walimu humwambia, “Kafyeke nyasi.” Akipiga kelele, “Kateke maji.” Akitukana, “Kasafishe choo.” Hivyo hujifunza somo lisiloandikwa ubaoni, ya kwamba jembe, ndoo na ufagio ni malipo ya wakosaji. Hufundishwa hayo miaka mingi, kisha twastaajabu akikua na kukataa kumtandikia mgonjwa kitanda! Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere aliandika Elimu ya Kujitegemea, akazikemea shule zinazowafanya waliosoma wawadharau wakulima. Jembe likaingia shuleni, ni kweli; lakini mikononi mwa wengi wetu liligeuka fimbo.

Karibu na shule moja tuliyofundisha aliishi bibi mjane asiyeweza tena kwenda mtoni. Tulizoea kuwapeleka kwake watoto waliochelewa, wamtekee maji, na tulijisifu kwamba tumepata adhabu yenye faida. Siku moja hakuna aliyechelewa. Tukawaita wavulana wawili wema, tukawaomba waende. Wakatazamana, na mmoja akauliza kwa adabu, “Mwalimu, leo tumekosa nini?” Hatukuwa na jibu. Tulichukua ndoo wenyewe, na njiani mzee mmoja wa kanisa akatuuliza kama tumeshushwa cheo. Hakuwa akitania.

Sisi watu wa Kilosa hatuna udhuru, maana tumeona kwa macho. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzo wa 2010 Mto Mkondoa ulifurika, maji yakaingia majumbani, yakaiharibu reli ya kati baina ya Kilosa na Gulwe, na watu kwa maelfu wakakaa katika mahema. Maji hayakubagua mwalimu na kibarua. Na palipo mahema pana vyoo vya kuchimba, maji ya kuteka, na wazee wa kubebwa. Kazi hizo zote ndizo tuwapazo wakosaji.

Huko Mikumi iko hospitali ya Mtakatifu Kizito. Jina hilo hutajwa kila siku, ila wachache huuliza lilikuwa la nani. Hakuwa askofu wala mfalme. Alikuwa mtoto mtumishi katika nyumba ya Kabaka Mwanga wa Buganda, mdogo kuliko wenzake wote waliochomwa moto pamoja naye Namugongo, tarehe 3 Juni 1886. Na barabara kuu iendayo Iringa hupita Mikumi, katikati ya hifadhi ya wanyama. Lori likipinduka barabarani, yuko akimbiliaye majeruhi, na yuko akimbiliaye mzigo. Huenda wote wawili wamebatizwa, na huenda wote wawili tuliwafundisha sisi.

Watatujibu wengine kwamba mtoto asiyeadhibiwa huharibika. Hatusemi asiadhibiwe. Anyimwe mchezo, aitiwe mzazi wake, akae ndani aandike. Lakini kumtekea mjane maji tusimpe kwa kosa. Mkosaji asiruhusiwe hata kuigusa ndoo ile mpaka atubu. Hapo tutaona kama watoto hawataigombania.

Na zamu ya vyoo ibandikwe ukutani, Jumatatu ijayo, jina la kwanza likiwa la mwalimu mkuu. Wazee wa kanisa nao waandikwe hivyo kwa vyoo vya kanisa. Atakayeuliza amekosa nini, aambiwe ajibiwe na yule bibi.