Misheni ya Bagamoyo: Nenda, ila usiishie kupiga picha

Wiki hii safu yenu haiendi kwenye muziki, wala haiendi kumsaka mpishi wa pweza anayeshika chati. Wiki hii tunafunga mkanda, tunaelekea Bagamoyo, kwenye ile misheni ya Wakatoliki ambayo wengi wetu tunaisikia tu, au tunaipita tukikimbilia ufukweni.

Najua kuna mtu hapa Pangani keshaanza kununa. "Mambo ya mapadri hayo, mimi mtoto wa madrasa yananihusu nini?" Tulia kwanza, shoga yangu. Tulia, kaka. Yanakuhusu sana, na ukimaliza kusoma utaona kwamba nusu ya hadithi ile imeanzia hapa hapa kwetu, kwenye mdomo wa mto. Wala huhitaji kuwa Mkatoliki ili kuangalia ukuta na kujiuliza nani aliubeba.

Njia ziko mbili. Mwenye moyo wa safari avuke mto aende Bweni, ashike ya Mkwaja na Saadani, ateremke na pwani mpaka Bagamoyo. Asiyetaka vumbi apande juu Muheza, Segera, mpaka Msata, halafu akate kushoto. Zote zinafika. Beba maji, na dada zangu msisahau khanga ya ziada begani, nitawaambia baadaye kwa nini.

Ukifika, kitu cha kwanza kukupokea ni barabara ya miembe. Imepandwa safu mbili tangu miaka ya 1870, na kivuli chake bado kinawafaa wapita njia. Mbele kidogo, upande wa bahari, upo msalaba wa kumbukumbu ya wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu walioanzisha kituo hicho mwaka 1868. Walitokea Unguja. Huko mapadri kutoka kisiwa cha Réunion walikuwa wametangulia mwaka 1860, na hawa wa Roho Mtakatifu wakapokea kazi mwaka 1863. Mkubwa wao aliitwa Padri Antoine Horner. Kazi iliyowaleta bara ilikuwa moja kubwa: kuwa na ardhi ya kuwaweka watu waliokombolewa utumwani, hasa watoto.

Sasa sikilizeni kisa cha mbuyu. Pale misheni upo mbuyu mnene unaosemekana ulipandwa mwaka huo huo wa 1868. Kwenye shina lake kimechomoza kipande cha mnyororo. Basi mgeni akikiona tu anashika mdomo: "Masikini, hapa ndipo walipofungwa watumwa!" Hapana bwana. Mnyororo ule ni wa punda. Alikuwepo mama mmoja Mfaransa, Madame de Chevalier, aliyekuwa akihudumia wagonjwa, na punda wake alimfunga pale. Mti ukanenepa, ukameza mnyororo, kikabaki hicho kipande tu.

Nimependa kuanza na punda kwa sababu moja. Tukienda sehemu kama hizi tunataka kulia haraka haraka, tupige picha, tuondoke. Minyororo ya kweli ipo, imo ndani ya makumbusho, na haikufungwa kwenye punda. Ila ukweli wa mahali unatafutwa taratibu, haudandiwi.

Haya, tusogee kwenye mnara. Kanisa la kwanza la mawe lilijengwa mwaka 1872, na kilichobaki ni mnara wake. Watu wanauita Mnara wa Livingstone. Kisa chake ndicho hiki. David Livingstone alifariki tarehe 1 Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Watu wake wakauzika moyo wake huko huko, mwili wakautia chumvi, wakaukausha juani, wakaufunga vizuri, wakaubeba. Walitembea miezi na miezi, zaidi ya kilometa 1,500, wakiwa na homa, njaa na wenyeji wasiotaka maiti ipite kwao. Februari 1874 wakafika Bagamoyo. Usiku wa tarehe 24 mwili ukalala pale misheni, kesho yake ukapelekwa Unguja kwa meli, na Aprili 18 ukazikwa Westminster Abbey, London, mazishi ya kifahari.

Waliokuwa mbele ya msafara ule ni Abdullah Susi na James Chuma. Je, walikuwepo London siku ya mazishi? Hawakuwepo! Mwenzao Jacob Wainwright ndiye aliyesafiri na jeneza. Susi na Chuma walipelekwa Uingereza baadaye, mzee wao akiwa keshazikwa. Ndugu zangu, umbebe mtu miezi tisa halafu matangani ufike watu wamekwisha kunja majamvi! Na mnara unaitwa jina la aliyebebwa. Sisemi wabadilishe jina. Nasema ukisimama pale, wataje na hao wawili.

Hapo hapo kwenye mwaka 1872 ndipo Pangani inapoingia. Mwezi Aprili mwaka huo kimbunga kikali kilipiga Unguja na Bagamoyo. Misheni ilibomolewa vibaya, ikabidi kujenga upya. Unguja nako mikarafuu ililala chini. Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa, kwa hiyo wakubwa wa karafuu wakahamishia macho Pemba, na karafuu inataka mikono ya kuchuma. Mwaka 1873 Sultani Barghash akalazimishwa na Waingereza kufunga soko la watumwa la Unguja na kupiga marufuku kuwasafirisha kwa bahari. Biashara ikafa? Wapi! Ikahamia nchi kavu. Misafara ikatoka Kilwa, ikapanda na pwani kwa miguu mpaka Pangani na jirani zake, na usiku majahazi yakavusha watu kwenda Pemba. Mwaka 1876 Barghash akapiga marufuku na misafara hiyo ya nchi kavu.

Kwa hiyo miaka ile ile ambayo Bagamoyo kulikuwa na watu wanaofunguliwa, huku kwetu kulikuwa na watu wanaovushwa kwa siri. Pwani moja, bahari moja. Ndiyo maana nakwambia safari hii si ya Wakatoliki peke yao.

Turudi kwenye majengo. Nyumba ya Mapadri ilianza kujengwa mwaka 1873. Ni ghorofa kubwa yenye varanda za matao, zile nguzo zinazopinda juu kama nyusi za bibi harusi. Mwenye jicho la sanaa asimame pale asubuhi jua likiwa chini, aangalie kivuli cha tao kinavyotembea ukutani. Nyumba ya Masista ni ya mwaka 1876, na leo ndiyo makumbusho. Ndani kuna picha za zamani, minyororo, vifaa vya misheni na vitu vya maisha ya pwani. Usipite mbio. Picha zile za watoto wamepangwa mstari wanaangalia kamera bila kucheka, kila mmoja alikuwa na mama mahali.

Na masista wenyewe ni kisa kizuri ambacho hakisemwi sana. Walikuwa Mabinti wa Maria kutoka Réunion. Shirika lao lilianzishwa mwaka 1849, mara tu baada ya utumwa kufutwa kisiwani humo Desemba 1848, na toka mwanzo lilipokea wanawake weusi waliokuwa watumwa. Umeiona hiyo? Tumezoea kufikiri sista wa zamani lazima awe Mzungu. Kumbe miongoni mwa shirika lililokuja kulea watoto waliokombolewa walikuwemo wanawake ambao shirika lao lilizaliwa kutoka kwenye maumivu yale yale.

Nyuma kidogo kuna pango la Bikira Maria, lililojengwa mwaka 1876 na watu waliokombolewa. Ni mawe tu yamepangwa, na sanamu ndani. Hakuna dhahabu. Lakini mimi ukiniuliza kazi ya sanaa iliyonishika pale misheni yote, nitakwambia hilo pango, kwa sababu limetengenezwa na mikono iliyokuwa imefungwa. Kaa kimya dakika mbili tu.

Sasa nisiwafiche, kuna la pili la kusemwa. Waliokombolewa waliishi kwenye kijiji cha Wakristo, walipewa sehemu za kulima, wakaozeshwa wao kwa wao, wakasomeshwa kazi za mikono. Asubuhi kengele, sala kengele, shamba kengele. Chakula kilikuwepo, fimbo ya tajiri haikuwepo, lakini ratiba haikuwa yao. Wapo waliotulia wakajenga maisha, wakawa hata makatekista wa misheni za bara. Wapo vilevile waliotoroka. Tena mwanzoni wengi walipatikana kwa kununuliwa sokoni Unguja, na baadaye wengine waliletwa baada ya manowari za Waingereza kuwakamata kwenye majahazi. Hakuna aliyewauliza wangependa kwenda wapi.

Je, ule ulikuwa uhuru? Vijana wenzangu, hilo ndilo swali la kutoka nalo Bagamoyo. Mimi naona hivi: kutoka kwenye mnyororo kuingia kwenye kengele ni hatua kubwa, anayebeza hiyo hatua hajawahi kuvaa mnyororo. Lakini waliotoroka nao wasiitwe watovu wa shukrani. Walitaka hatua ya pili, ya kuamka saa wanayotaka wenyewe. Kanisa likisimulia wema wake bila kuwataja hao, hadithi inabaki mguu mmoja. Na sisi tukisimulia ubaya wa utumwa bila kutaja mji wetu, mguu wa pili nao unakatika.

Kanisa jipya, lile ambalo Jumapili linajaa watu, lilijengwa kati ya 1910 na 1914, wakati wa Wajerumani. Mnara wake wa pembe nne unauona toka mbali juu ya minazi. Ndani kuna matao, ubaridi na mwanga mdogo unaoingia kwa madirisha marefu. Karibu na hapo kuna makaburi ya wamisionari. Soma tarehe za misalabani uone wengi wao walivyokufa vijana, homa ya mbu imewamaliza. Hasira yoyote uliyokuja nayo inapungua kidogo.

La mwisho ni la Bushiri wetu. Abushiri bin Salim al-Harthi, mtu wa Pangani, aliongoza vita dhidi ya Kampuni ya Wajerumani kuanzia 1888, baada ya kampuni hiyo kuingia pwani kwa kiburi na bendera yake. Januari 1889 misheni ya Wabenedikti kule Pugu ilivamiwa, wamisionari wakauawa na wengine wakatekwa. Lakini misheni ya Bagamoyo haikuguswa. Mji ulipokuwa unawaka moto, maelfu ya watu walikimbilia pale, wengi wao Waislamu, wakalala chini ya miembe na minazi ya mapadri, na Bushiri akaiheshimu sehemu ile. Yeye mwenyewe alinyongwa hapa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Kwa hiyo ukikanyaga uwanja wa misheni ile, kumbuka kwamba mbabe wetu aliyewapiga Wazungu kwa mizinga alijua kutofautisha. Akili hiyo tunaihitaji hata leo.

Sasa masharti madogo ya mgeni. Kwanza, ni nyumba ya ibada, si kiwanja cha maonyesho ya mapaja. Ile khanga ya ziada funga. Vijana wa kiume, kofia mkononi. Pili, misa ikiwa inaendelea simu mfukoni, hata kama pozi limekubali vipi. Tatu, ukimkuta mzee kwenye benchi, shikamoo kwanza, maswali baadaye, utaambiwa mengi kuliko yaliyoandikwa ukutani. Nne, lipa kiingilio cha makumbusho bila kuzuga kwamba wewe ni mwenyeji. Majengo ya mawe na chokaa yanakula hela.

Na hapo ndipo roho inaniuma. Mwaka 2018 Bagamoyo walisherehekea miaka 150 ya misheni ile, watu wakafurika toka kila pembe ya nchi. Walikuwa na cha kuonyesha kwa sababu kuna watu walipaka chokaa, wakaziba paa, wakatunza hata kipande cha mnyororo wa punda. Sisi Pangani tuna Boma, tuna nyumba za kale ufukweni, tuna mahali alipouawa Bushiri, na kuta nyingi zinadondoka tukiangalia, mbuzi wamelala kivulini. Watu waliovushwa hapa usiku hawana hata jiwe moja la maana linalowataja.

Kwa hiyo nenda Bagamoyo. Ukirudi, kaa na bibi yako barazani, muulize alisikia nini kwa bibi yake kuhusu majahazi ya Pemba. Atakuzungusha, atakwambia "ya kale hayapigiwi chapuo." Mmiminie chai nyingine, muulize tena.

Wiki ijayo tukijaaliwa tutarudi kwenye mambo yetu ya mapishi, msinune. Tchao!