Kichujio cha Bure Kinachuja Nani?

Ninasema wazi ili tusipotezeane muda: zile filta za urembo zinazokuja bure kwenye simu hazifai kuwa somo la kwanza la kijana anayejifunza picha hapa Kakuma. Na wale wanaotuletea mafunzo ya siku mbili, wanatufundisha kugusa kitufe kimoja halafu tunapigwa picha tukiwa na cheti, watafute kitu kingine cha kutufundisha. Najua wengine mtakasirika. Someni kwanza.

Mimi nafanya kazi na vijana, kwa ile posho ya insentivu mnayoijua. Kwenye kituo chetu tuliamua kujaribu vichujio vya bure, vya simu na vya kompyuta, juu ya picha moja ileile. Picha yenyewe ilikuwa ya mzee mmoja Mnuer, jirani wa kituo, aliyekubali kukaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni kwake saa saba mchana. Anayelijua jua la Turkana anajua shida iko wapi. Ardhi ni nyeupe, mabati yanang'aa, kamera inapunguza mwanga wote, na uso wa mtu mweusi unabaki kama kivuli.

Tukaanza na filta ya urembo ya simu. Mguso mmoja tu. Uso ulipata mwanga, hilo siwezi kukataa. Lakini ile mistari sita kwenye paji la uso ikafifia, ukitazama haraka huioni kabisa. Kwa asiyejua: kijana wa Kinuer huchanjwa ile mistari anapoingia utu uzima, inaitwa gaar, na uchungu wake hausahauliki. Filta ikadhani ni makunyanzi. Mzee aliiangalia simu muda mrefu, akasema neno kwa kijana wake, naye akatutafsiria: "Waambie wairudishe."

Hapo ndipo ninapouliza, nani aliiambia ile programu kwamba mstari kwenye paji la uso ni uchafu? Maana lugha yetu inasema "kusafisha picha". Wazazi wetu walipeleka filamu studio ikasafishwe, yaani picha itoke. Siku hizi kijana akikuambia nisafishie picha, anataka ngozi iwe laini na nyeupe kidogo. Neno ni lilelile, kazi imegeuka.

Msiniambie ninazidisha. Mwaka 2017 programu ya FaceApp ilikuwa na filta ya kumfanya mtu apendeze, na watu weusi walipoijaribu ilitoa ngozi iliyong'arishwa. Kampuni iliomba radhi, ikaeleza kwamba kompyuta ilifundishwa kwa picha zisizokuwa na uwiano. Na kabla ya kompyuta kulikuwa na kadi za Kodak, zenye picha ya mwanamke mzungu, ambazo maabara zilitumia miaka mingi kupima kama rangi za picha zimetoka sawa. Ngozi yake ndiyo ilikuwa kipimo. Sisi wengine tulitoka tulivyotoka. Kwa hiyo hili jambo ni la zamani, simu imelirithi tu.

Sasa upande wa kompyuta. Tuliweka GIMP, programu ya picha iliyoanzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa chuo kikuu cha Berkeley, Marekani. Ndani yake tukachomeka plagini inayoitwa G'MIC. Plagini ni programu ndogo, haisimami peke yake, inaishi ndani ya kubwa. G'MIC ilitoka kwenye maabara ya utafiti huko Caen, Ufaransa, mwaka 2008, na ina vichujio zaidi ya 500. Vyote viwili vililetwa kwa flashi, na baada ya hapo hatukuhitaji bando. Wanaonunua bando la siku wanaelewa kwa nini nalitaja hilo.

Tulizungushia uso wa mzee peke yake, tukainua vivuli pale tu, mabati tukayaacha. Ukiinua vivuli, chembechembe zinajitokeza kama vumbi, kwa hiyo tukatumia kichujio cha kulainisha cha G'MIC. Nacho tulipokisukuma sana, mistari ikaanza kupotea! Lakini tuliiona ikipotea. Kwenye dirisha la plagini kuna picha ya majaribio na kando yake kuna vishale vya kusogeza, unaongeza, unapunguza, unaona. Tukapunguza mpaka mistari ikarudi. Kijana wa miaka 16 ndiye aliyekuwa ameshika mausi, na ndiye aliyeamua pa kuishia.

Ni kigumu? Ndiyo. Majina ya vichujio ni ya Kiingereza, vingi havina maana kwetu, na laptopu yetu ilihema kama punda wa kubeba maji. Tulijifunza kupunguza ukubwa wa picha kabla ya kujaribu. Lakini ninachoka na mikutano ambamo mtu anasema kwa sauti ya huruma kwamba vijana wa kambi wapewe kitu chepesi, cha simu. Vijana hawa wanatengeneza redio zilizokufa na kufunga sola juu ya paa. Kitu chepesi ni chepesi kwa nani? Kwa mwalimu wa siku mbili, nadhani.

Halafu neno "bure" nalo tulichunguze. Kulikuwa na mkusanyiko wa plagini za picha unaoitwa Nik Collection, wapiga picha waliupenda sana. Google ilinunua kampuni iliyoutengeneza mwaka 2012. Machi 2016 ikautoa bure, dunia nzima ikashangilia. Mwaka uliofuata ikauuzia kampuni ya Kifaransa DxO, na mwaka 2018 toleo jipya likaanza kuuzwa. Sijasema walikosea, mali ilikuwa yao. Lakini sisi tunaoishi kwa mgao tunaijua bure ya namna hiyo, inayokuja na tangazo na kuondoka bila kuuliza. GIMP na G'MIC ni bure ya aina nyingine: leseni yake inakuruhusu kunakili, kumpa jirani, hata kuibadilisha ukiweza.

Dada mmoja wa kikundi chetu alinipinga vizuri. Aliniambia, kaka, uso ni wangu, nikitaka kung'aa siku ya harusi wewe inakuhusu nini? Hainihusu kabisa. Ng'aa! Ninachopinga ni filta kuwa ndiyo shule, na filta kuingia kwenye picha za karatasi. Pale sokoni studio zinalainisha hadi picha za pasipoti. Marekani, kwa mfano, haikubali picha ya pasipoti iliyopitishwa kwenye filta. Mtu amesubiri safari yake miaka kumi, mnamchezea uso kwa sababu mteja jirani alipenda?

Nanyi wafanyakazi wa mashirika, msidhani nimewasahau. Ninyi mna filta yenu. Mawingu yanakuwa meusi, nyufa za ardhi zinakuwa mabonde, vitenge vya mama zetu vinapauka mpaka vinafanana na vumbi. Kwenye Snapseed kuna kichujio kinachoitwa Drama, jina linatosha. Tulikijaribu kwenye picha ya mzee wetu kama jaribio la tatu: alionekana ana njaa. Alikuwa ametoka kula. Shirika moja lilibandika bango lenye picha ya bomba letu la maji, na watoto wa pale walishindwa kulitambua bomba lao. Kijana anamng'arisha mtu ili apendwe, ninyi mnamtia giza ili ahurumiwe, na katika yote mawili mwenye uso hakuulizwa.

Kwa hiyo naomba mambo ambayo hayahitaji bajeti. Mkitupiga picha, mturudishie iliyokwisha kurekebishwa tuione kabla haijaenda kwenye ripoti. Mtunze ile ya asili, msiifute. Na pesa ya vyeti vya siku mbili nunueni kumbukumbu ya kuongeza kwenye kompyuta za vituo, maana GB 2 hazitoshi.

Picha ya mzee iko ukutani kwake, ile ya pili. Flashi yenye GIMP na G'MIC iko kituoni kwetu. Tunafungua Jumamosi saa nane, kama jenereta ina mafuta. Njoo na picha yako mwenyewe, na mwenye uso akiweza kuja naye, ni vizuri zaidi.