Kudai Haki ya Bima Si Kukosa Tawakkul

Sifa njema zote zinamstahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba zake wote.

Ndugu Waislamu, leo tuzungumze jambo ambalo mimbari zetu huligusa kwa nadra. Nyumba ya Muislamu imeungua, au imebomolewa na maji ya mvua. Mwenyewe anayo bima na ada amelipa. Kampuni ya bima inamjibu kwa barua kwamba hatalipwa, au inamtengea fedha zisizotosha hata kuezeka paa. Familia nyingi zikifikwa na hali hiyo husema, "Tumuachie Mungu." Barua hutiwa kabatini na mambo yakaishia hapo. Kwa maoni yangu, mara nyingi tunaita tawakkul kile ambacho ni uchovu tu, na wakati mwingine tunasamehe mali isiyokuwa yetu.

Najua wapo watakaouliza: bima yenyewe si ina utata? Ni kweli. Mwaka 1985 Baraza la Fiqhi la Kiislamu lililo chini ya OIC liliamua mjini Jeddah kwamba bima ya kibiashara yenye ada maalumu ina gharari kubwa na haifai, likaelekeza Waislamu kwenye bima ya kusaidiana, ambayo ndiyo msingi wa takaful. Lakini wengi wetu hatukwenda kununua bima kwa kupenda. Tulikopa benki, na benki ikaweka sharti kwamba nyumba iliyowekwa rehani ikatiwe bima. Swali la uhalali lilikuwa mahali pake kabla ya kutia saini. Aliyekwisha ingia na kufikwa na hasara amuulize sheikh wake ni kiasi gani cha malipo anachoweza kukichukua, kwa kuwa wanachuoni wamehitilafiana, na wapo wasemao asizidishe juu ya alichochanga. Asilifanye swali hilo kuwa kisingizio cha kukaa kimya, kwani deni la benki halifutiki kwa sababu paa limeteketea.

Jambo hili huwa zito zaidi pale mwenye nyumba anapokuwa amefariki. Tuchukue mfano wa mjane aliyeachiwa watoto wanne wadogo na nyumba iliyoungua nusu. Anakuja ofisa wa kampuni na hati ya kukubali malipo, ambayo ndani yake imeandikwa kwamba mpokeaji ameridhika na hatadai tena chochote. Mama wa watu amechoka, anataka kununua mabati, anatia saini. Je, alikuwa na haki ya kuridhika kwa niaba ya wote? Nyumba ile ni mirathi, na fidia yake vilevile. Yeye fungu lake, kwa kuwa marehemu ameacha watoto, ni thumni, na hilo anaweza kulisamehe akipenda. Fungu la mayatima hana ruhusa ya kulitoa zawadi kwa kampuni. Aya ya 10 ya Suratun Nisaa imewaonya vikali mno wanaokula mali ya yatima kwa dhulma. Basi mlezi anayeiachia ipotee kwa uzembe naye ajitazame. Hata kwa sheria ya nchi, anayepaswa kusaini ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na kwa familia nyingi za Kiislamu hapa Tanzania Mahakama ya Mwanzo inatosha kwa uteuzi huo.

Wapo wanaoona aibu kwenda kwa wakili, kana kwamba ni kujitafutia ugomvi. Tuisome aya ya 282 ya Suratul Baqara, aya ndefu kuliko zote katika Qur'an Tukufu. Imeamrisha deni liandikwe, kisha ikamkumbuka mdaiwa aliye mpumbavu, dhaifu au asiyeweza kuimlisha, ikamuwekea msimamizi wa kuimlisha badala yake kwa uadilifu. Nani katika sisi si dhaifu mbele ya hati ya bima ya kurasa ishirini, iliyoandikwa kwa Kiingereza cha mahakamani? Imepokewa pia kwamba Ali bin Abi Talib (R.A.) hakupenda kuhudhuria mwenyewe mabishano ya kesi. Alimuwakilisha nduguye Aqil, na Aqil alipozeeka akamuwakilisha Abdallah bin Jaafar. Kuweka mwakilishi katika madai ni jambo linalojulikana katika fiqhi.

Na msaada huo wakati mwingine faida yake ni kukuambia kwamba huna dai. Mizozo mingi huzaliwa na mambo ambayo mwenye nyumba hakuelezwa siku ya kununua. Bima ya moto, kwa kawaida, haibebi mafuriko wala tetemeko la ardhi mpaka yaongezwe kwa maandishi. Waliokuwa Kagera tarehe 10 Septemba 2016 wanajua thamani ya mstari huo mmoja. Lingine ni uwiano. Nyumba ya shilingi milioni 80 ukiikatia bima ya milioni 40 ili ada iwe ndogo, kisha ukapata hasara ya milioni 20, kampuni itakulipa milioni 10, kwa kuwa nusu ya nyumba uliiacha bila bima. Hapo hujaibiwa. Lakini kampuni ikisema ukuta umeanguka kwa uchakavu, ilhali majirani wote waliona maji yakiusukuma, hapo panahitaji picha, mashahidi na mtaalamu wa majengo wa upande wako, kwa sababu mkadiriaji hasara aliyekuja ametumwa na kampuni. Halikadhalika wakala aliyekuuzia bima, hata kama mnasali safu moja, kwa kawaida anafanya kazi ya kampuni.

Mlango wa kwanza ni kampuni yenyewe. Andika malalamiko, taka sababu za kukataliwa kwa maandishi pamoja na kifungu kilichotumika, na ubaki na nakala. Usiposikilizwa, ipo Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA), na ipo ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, iliyowekwa na Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Uliza mapema mipaka yake ya muda na ya kiasi cha dai. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili asikate tamaa: Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imeufikisha msaada huo hadi kwenye kesi za madai, wakati ile ya 1969 ilihusu jinai peke yake, na imewatambua wasaidizi wa kisheria walioko mitaani na vijijini. Zanzibar nayo ina sheria yake ya mwaka 2018.

Lakini tahadhari. Aya ya 188 ya Suratul Baqara inakataza kuliana mali kwa batili na kuzipeleka kwa mahakimu kwa lengo hilo. Haikuwasema wakubwa peke yao. Anayeongeza friji na zulia ambavyo havikuwamo ndani ya nyumba naye yumo. Katika Hadithi ya Ummu Salama (R.A.), waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) ametahadharisha kwamba mtu huweza kushinda kwa ufasaha wa hoja, naye alichohukumiwa katika haki ya nduguye kikawa kipande cha moto. Wakili akikushauri kuongeza namba, mtafute mwingine.

Misikiti yetu mikubwa ina kamati za mazishi, za ujenzi na za futari. Wanasheria Waislamu wamo humo humo katika safu zetu. Kamati za misikiti ziwaombe saa moja tu baada ya sala ya Ijumaa, wakae barazani, wasomewe barua hizo zilizofungiwa makabatini kabla muda wa kudai haujapita.

Wabillahi tawfiq.