Dawa mliyoniagiza sikuituma

Mama zangu na dada zangu wa Rumonge,

Nawaandikia kutoka Brussels. Usiku ule mliponipigia kwamba mtoto wetu njiti amepoa mwili na hanyonyi, mkaomba dawa kali ya Ulaya, nilijibu neno moja: hospitali. Sasa ananyonya, alhamdulillahi. Acheni niwaeleze kwa nini sikutuma dawa.

Kazi yangu ni usafi katika wodi ya watoto njiti. Hata huku, penye mashine kila kona, sinki linaogopwa. Bakteria kama Klebsiella hupenda majimaji, hupanda mikononi, kisha huingia kwenye damu ya mtoto mwenye ngozi laini kama utando wa yai. Kinga anayogawiwa na mama hupita zaidi katika wiki za mwisho za mimba. Njiti huzaliwa kabla ya kupokea fungu lake.

Hospitalini, mtoto mwenye maambukizi hayo huanzishiwa dawa za ampisilini na jentamisini. Lakini sisi hununua vidonge viwili vya amoksisilini kwa homa, vinne kwa kikohozi, tukipata nafuu tunaacha. Bakteria waliosalia ni wale walioishinda dawa, na ndio wanaozaana. Utafiti wa Muhimbili, Dar es Salaam, uliochapishwa 2007, ulionyesha kuwa watoto wenye bakteria wa kundi alimo Klebsiella kwenye damu walikufa mara mbili zaidi kuliko wenye malaria. Malaria, ambayo sisi wa ziwani tunaiogopa kuliko yote! Dawa isiyowaweza bakteria ilikuwa miongoni mwa sababu za vifo. Kuwaletea dawa kali zaidi, bila kipimo, ni kuwafundisha bakteria kuishinda na hiyo pia.

Msikate tamaa. Kabezi, kwenye barabara yetu ya Bujumbura, Madaktari Wasio na Mipaka waliwahi kuhudumia njiti zaidi ya 400 bila mitambo ya kifahari. Kati ya waliozaliwa wiki ya 32 hadi ya 36, wapatao 87 katika kila 100 walitoka hai. Walipewa joto, maziwa ya mama, uangalizi wa karibu, na kifua cha mama, ngozi kwa ngozi.

Basi mkija kumpongeza mzazi, mikono iliyotoka kwenye ndagala na mawese ioshwe kwa sabuni kwanza. Bibi naye, hata kama atanuna. Pesa ya dawa nimemtumia dada aliyejifungua: anunue sabuni, nyingine iwe nauli ya kliniki Jumatatu.

Dada yenu