Kazi ya Likizo Isiwe Zawadi ya Wakubwa



Kila vyuo vinapofungwa, vijana wetu hurudi nyumbani wakitafuta kibarua cha kuwapatia karo na nauli. Wako wanaochuma kahawa Nyeri na Murang'a, ambako mavuno makuu huwa Oktoba hadi Desemba. Wengine hubeba mawe mijengoni, hufundisha watoto wa majirani, au huhudumu katika vibanda vya M-Pesa. Kazi hizi twaziheshimu, kwani jasho halina aibu.

Lakini ziko kazi za muda zinazolipwa kwa fedha za umma, kama ukarani wa sensa ya Agosti 2019 na wa uchaguzi wa Agosti 2022. Nafasi za aina hii zitokeapo, twasikia vijana wakilalamika kuwa hawakuulizwa wamesoma nini, bali wametumwa na nani. Asiye na barua ya mkubwa huombwa "kitu kidogo".

Desemba 1991 kifungu cha 2A kilifutwa, na chama kimoja kikakoma kuwa sheria. Je, tulipigania vyama vingi ili kijana aendelee kusimama mlangoni pa mtu mmoja akiomba barua? Katiba ya 2010, ibara ya 232, yataka nafasi za utumishi wa umma zitolewe kwa ushindani wa haki na kwa sifa za mtu. Kazi kuwa ya wiki moja si sababu ya kuisahau kanuni hiyo. Anayelazimishwa kununua kibarua chake cha kwanza amefundishwa kwamba haki huuzwa, na kesho akipewa ofisi, naye atauza.

Wala tusinyooshe kidole serikalini pekee. Hata makanisani mwetu, vibarua vya ujenzi na vya ofisi hugawanywa kimyakimya baina ya jamaa za wazee. Mwenye shamba la mizabibu katika Injili ya Mathayo aliwaendea sokoni waliokosa kazi, hakuuliza ukoo wao, na jioni ile ile akawalipa wote.

Basi twapendekeza kila kibarua cha kanisa kitangazwe ibadani na kubandikwa ubaoni, pamoja na ujira wake. Majina ya waliochaguliwa yasomwe hadharani. Nanyi wanafunzi, andikeni siku na saa mlizofanya kazi, kwa maana ibara ya 41 yampa kila mfanyakazi haki ya malipo ya haki.

Twajua kwamba kijana akikataa kutoa hongo huenda akarudi chuoni bila karo. Kwa hiyo asiachwe akatae peke yake. Aje kwetu, tuandamane naye hadi ofisi iliyomdai hongo, na harambee ya kwanza ya ushirika iwe ya karo yake. Mageuzi tusiyokuwa tayari kuyagharamia ni maneno matupu.