Kutoa Seli Nyeupe si Kupona, Tuache Kudanganyana

Hii itauma wengine, lakini lazima niseme kwa sababu na mimi nilikosa.

Mwaka jana nilipiga video ya kuchangishia binamu yangu pesa. Ana lukemia sugu, ile inaitwa CML. Nikaandika juu: "Tumsafishe damu apone." Doo ikaingia. Akawekwa kwa ile mashine: damu inatoka mkono mmoja, inazungushwa, seli nyeupe zinachujwa, iliyobaki inarudi kwa mkono wa pili. Masaa kadhaa hivi. Akatoka anapumua vizuri, macho yameacha kuona ukungu. Nyinyi mkaandika "amepona". Na mimi nikapiga video ya pili kuwashukuru.

Wiki chache baadaye, seli zilikuwa zimepanda tena.

Sawa, niliacha chuo, mimi si daktari. Lakini hii hata mtoto anaelewa. Seli za damu hutengenezwa kwa uboho, ule tunaonyonya kwenye mfupa wa supu. Mashine haigusi uboho. Ni kama kupiga deki na mfereji bado uko wazi.

Sisemi mashine ni bure. Mtu mzima huwa na seli nyeupe kati ya 4,000 na 11,000 hivi kwa mikrolita moja ya damu. Kwa CML zinaweza kupita 100,000. Zikizidi sana, damu inaziba mishipa midogo ya ubongo na mapafu. Hapo mashine inaokoa mtu, lakini kwa muda tu.

Kinachofunga mfereji ni tembe. Imatinib, iliyoidhinishwa Marekani mwaka wa 2001, inazuia protini mbovu inayochochea seli hizo kuzaana ovyo. Shida ni kwamba inamezwa kila siku, miaka nenda miaka rudi. Na hapo ndipo sisi watu wa mtandao tunapotea. Mashine inatoa video kali. Tembe ya asubuhi haina likes.

Binamu yangu aliacha kumeza dawa kwa sababu aliamini amepona. Nani alimwambia? Mimi, na nyinyi.

Zile video nimefuta. Sasa kila jioni nampigia: umemeza? Ananitusi kwanza, halafu anasema ndiyo.

Kama kwenu kuna mgonjwa wa CML, leo usimwandikie pole. Muulize tembe zimebaki ngapi.