Hakuna Panya wa Jirani

Ukipanga mtaani muda wa kutosha utaisikia hii kauli: "Hawa panya wanatoka kwa yule." Yule anaweza kuwa mama anayepika biashara, mwanachuo anayeacha vyombo mpaka Jumapili, au mzee mwenye magunia uvunguni. Kila nyumba ina yule wake. Mimi nasema kauli hiyo inawanenepesha panya kuliko hata makombo, na nitaeleza kwa nini.

Tuanze na jengo lenyewe. Nyumba nyingi tunazopanga hapa Morogoro, kuanzia zile za karibu na chuo mpaka kule kwenye bei nafuu ambako bodaboda anakuuliza mara mbili kama una uhakika, zimejengwa kwa mtindo mmoja. Vyumba vimepangana, kuta zinaishia kwenye dari, na juu ya dari ni uwazi mmoja tu kutoka mwanzo wa nyumba mpaka mwisho. Wewe na jirani mna milango tofauti na makufuli tofauti (luku mnachangia, ila huo ni ugomvi mwingine, tuuache). Panya wa darini hana chumba namba mbili wala namba tano. Anayekimbia juu ya kitanda chako saa nane usiku ndiye huyohuyo aliyekuwa juu ya kitanda cha jirani saa saba. Na jirani naye amelala macho, anawaza kwamba wewe ndiye unayemletea panya.

Kinachofanya watu wasiliongee jambo hili ni aibu. Kwetu panya ni shahidi wa uchafu. Ukisema chumbani kwako kuna panya, ni kama umesema hufagii. Sisi tunaosoma ualimu tunaambiwa mapema kwamba mtoto ukimwaibisha mbele ya darasa kwa kukosa hesabu, haachi kukosa, anajifunza kuficha daftari. Wapangaji ni vilevile. Mtu aliyeitwa mchafu mbele ya watu hatakuja kukuambia kwamba ameona tundu nyuma ya kabati lake. Atalisogezea ndoo, basi.

Muhula uliopita nyumba ninayokaa ilipitia hayo. Tuko vyumba sita: wanachuo wanne, kaka mmoja fundi simu, na mama anayeuza vitumbua, ambaye ana mtoto wa miaka mitatu. Vishindo darini vilianza mvua zilipokolea. Haikufika wiki, hukumu ikatoka: ni mama wa vitumbua, kwa sababu ya unga wa mchele. Hakuna aliyemwambia usoni. Yalisemwa bombani, yakasemwa kwenye grupu la WhatsApp la nyumba ambalo yeye hayumo, kisha yakamfikia baba mwenye nyumba. Naye akampigia simu kwamba kodi yake ikiisha atafute pengine. Sasa huyu ni mtu ambaye wateja wake wote wako mtaa huuhuu. Ukimhamisha, umemfungia biashara. Na unga wake, nilipokuja kuuona kwa macho yangu, unakaa kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana kuliko chombo kingine chochote ndani ya ile nyumba. Waliomsema, sembe yao ilikuwa kwenye mfuko wazi sakafuni.

Wakati huohuo kila mtu akawa anapigana vita yake kimyakimya. Mnamjua yule muuzaji anayepita na spika: dawa ya panya, mende, kunguni, viroboto. Kaka fundi alinunua, akachanganya na dagaa, akaweka kwenye kifuniko nje ya mlango wake. Asubuhi mama akamkuta mwanawe amechuchumaa palepale, dagaa mkononi. Hakuwa amekula. Alimnawisha mikono mara tatu, akakaa naye kizingitini akimtazama mdomo mpaka saa nne, na vitumbua vya siku ile havikuuzwa. Hakumgombeza mtu. Kaka fundi alisimama pale mlangoni kwake, ameshika kile kifuniko, hajui akiweke wapi. Si mtu mbaya. Aliweka sumu kwa siri kwa sababu katika nyumba ile kukiri una panya ilikuwa sawa na kujiunga na washitakiwa.

Na sumu yenyewe, hata tukiweka pembeni suala la watoto, haifanyi kazi watu wanayoifikiria. Sumu nyingi za dukani huzuia damu kuganda. Panya hafi palepale, anakufa baada ya siku kadhaa, mara nyingi akiwa kajificha darini, na hapo mtanuka wote, aliyeweka na asiyeweka. Paka akimla panya huyo naye yuko hatarini. Hizi za kwenye vipakiti visivyo na maandishi hujui hata ni sumu ya aina gani, kwa hiyo mtoto akilamba, daktari utamwambia nini? Halafu mkiua watatu chumba kimoja huku matundu yako wazi na chakula kiko wazi vyumba vingine, mmepunguza foleni tu. Jike hubeba mimba kama wiki tatu. Kabla bumu halijaingia, nafasi zimejazwa.

Sisemi tuwaache. Panya si suala la usumbufu wa usingizi pekee. Julai 2022 Wizara ya Afya ilitangaza kwamba ugonjwa ulioua watu watatu mkoani Lindi ulikuwa homa ya mgunda, ambayo huenezwa na mkojo wa wanyama, panya wakiwemo. Ninachosema ni kwamba ukishuku panya, kuna kazi mbili kabla ya kumtaja mtu.

Ya kwanza ni kuhakikisha kwamba ni panya kweli. Watu wanaruka hatua hii. Dari za huku zina popo pia: hao utawasikia wakilia na kutoka jioni giza likiingia, na kinyesi chao ukikibonyeza kinasagika kama unga wenye vipande vya wadudu. Kinyesi cha mjusi kina ncha nyeupe, nimeona watu wakikipiga picha na kukituma grupuni kama ushahidi wa panya. Cha panya ni cheusi kote, kibichi kinakuwa laini na kikikaa kinakauka. Usikishike kwa mkono na usikifagie kikavu, kimwagie kwanza maji yenye jiki. Ukitaka kujua njia anayopita, nyunyiza unga au majivu kidogo kando ya ukuta usiku. Asubuhi utakuta nyayo, na mara nyingine mchirizi wa mkia katikati yake.

Ya pili ni kuanza na chumba chako, kisha ndiyo ugonge kwa jirani. Na namna ya kugonga ina uzito wake. "Mama, panya wenu wanatusumbua" ni kesi. "Shikamoo mama, samahani, hivi na wewe usiku unasikia vitu darini? Mimi kwangu nimekuta kinyesi nyuma ya begi" ni mazungumzo. Umetaja cha kwako kwanza, umeuliza, na humpi cha kujitetea. Nenda peke yako, mchana, asipokuwa na wateja. Baada ya lile la mtoto, mwenzetu mmoja wa mwaka wa tatu alimfuata hivyohivyo. Mama akajibu kwamba ana wiki tatu halali, na kwamba anajua wanakopitia. Wiki tatu! Jibu lilikuwa chumba cha tatu muda wote ule na hakuna aliyekwenda kuuliza.

Alituonyesha tawi la mwembe lililolala juu ya bati, na pembeni yake ubao wa ukingo wa paa umeoza, umeacha pengo. Panya mkubwa anahitaji tundu la upana wa sarafu tu, mdogo hata la upana wa penseli. Pengo lile linaingia ngumi. Na chini yake kuna stoo ya uani iliyofungwa kufuli, ambayo mpangaji hana ufunguo wake. Tulichungulia dirishani: magunia ya mahindi, moja limetobolewa kona, punje zimemwagika mpaka mlangoni. Mahindi ni ya baba mwenye nyumba.

Najua mtu atasema, lakini kuna majirani wachafu kweli. Wapo. Chakula kikilala wazi na jaa likiwa chini ya dirisha, panya watakuja. Hata huyo lakini anabadilika zaidi mkipanga Jumamosi moja watu wote mfagie uwani na kusogeza jaa, kuliko akisemwa. Mitego mnaweka siku moja, vyumba vyote. Iacheni siku mbili tatu ina chambo bila kuitega, kwa sababu panya huogopa kitu kigeni, halafu ndiyo mtege.

Nyumbani kwa baba mwenye nyumba tulikwenda sita wote, msemaji akiwa mama wa vitumbua mwenyewe, tukiwa na picha za pengo na za stoo. Hapo ndipo nilipofahamu maana ya kwenda pamoja. Mpangaji mmoja akilalamika anaambiwa vyumba vina foleni. Sita mkikaa sebuleni, chai italetwa. Tawi lilikatwa wiki hiyohiyo, mahindi yakahama, na habari ya mama kuhama haikutajwa tena. Ubao wa paa hakuutengeneza. Tulichanga elfu tatu tatu tukanunua wavu wa chuma na kaka fundi akapanda kuupigilia. Kama angekataa yote tungekwenda kwa mjumbe, na baada ya hapo kwa bwana afya wa kata, ambaye kazi yake ni pamoja na hiyo na wanachuo wengi hatujui hata ofisi yake iko wapi.

Inachekesha kidogo, kwa mji huu. Hapahapa Morogoro, APOPO na SUA wanafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa hapa nchini, alipewa nishani ya dhahabu na shirika la Uingereza mwaka 2020 kwa kazi yake kule Kambodia.

Serikali yetu ya wanafunzi kila Oktoba inatoa orodha ya vyumba mtaani: bei, maji, umbali kutoka getini. Namwomba waziri wa malazi aongeze safu mbili katika orodha ijayo. Moja iseme kama dari na paa havina matundu. Nyingine iseme mwenye nyumba alifanya nini mara ya mwisho wapangaji walipomfuata pamoja. Ya kwetu niko tayari kuijaza leo.